Nina vyambo bandia 63 vya besi na samaki sifuri. Nianzie wapi?

DereWaDallas (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam. Humu mimi ni msomaji wa kimyakimya, leo imebidi nijitokeze.

Naishi Garland, pembeni ya Dallas, kazi yangu lori. Septemba iliyopita jirani yangu, mzee mstaafu, alinichukua hadi Ziwa Ray Hubbard akanishikisha fimbo. Mimi sikupata kitu. Yeye alitoa samaki wanne wa kijani, wana mstari mweusi ubavuni na mdomo unaoingia ngumi. Wenyewe wanamwita largemouth bass. Humu nitamwandika besi, maana nikiandika basi mtaniuliza nauli. Wote wanne aliwarudisha majini. Niliumia, lakini hiyo ni mada nyingine.

Tangu siku ile nimeugua. Kila nikishusha mzigo mji mgeni naingia duka la zana za uvuvi "kuangalia tu". Jana usiku nilimwaga kila kitu kwenye kapeti nikahesabu: vyambo 63. Kuna minyoo ya plastiki ya rangi ambazo Mungu hakumpa mnyoo yeyote. Kuna visamaki vya plastiki ngumu vyenye macho makubwa kuliko yangu. Kuna vyura. Kuna panya mmoja. Kuna vidude vya waya vyenye vibati vinavyozunguka. Mke wangu alipoviona akauliza kama nafungua genge la hereni.

Tangu Novemba nimetoka mara saba. Sifuri. Natupa, nakunja rili, natupa tena, zikipita dakika kumi nabadilisha chambo. Maji ni kama chai ya maziwa iliyopungukiwa maziwa. Asubuhi baridi ni nyuzi 4 au 5, vidole havifungi fundo.

Sasa niambieni: kati ya hivi 63 nibebe vipi? Na nyie mnachaguaje?

Chaurembo_

Mkuu, vyambo 63, samaki 0. Hiyo si hobi, hiyo ni mahari. Sisi huku Msasani kipande cha ngisi, ndoana, chubwi, tumemaliza. Na ngisi ukikosa samaki unamkaanga mwenyewe. Panya wa plastiki utamfanyaje?

DereWaDallas

Panya usimguse, nilimnunua dola 14.

MzeeWaMshipi

Marahaba mwanangu, ingawa shikamoo sijaiona.

Mimi mtu wa Kilifi, Houston nina miaka kumi na minane. Nilipofika nilifanya kosa lako hilohilo, na nitakueleza lilitoka wapi. Nyumbani nimekulia kwenye mashua, tunavuta rapala nyuma kutafuta nguru na kolekole. (Pwani kila chambo cha kutengenezwa ni rapala, hata kikiwa cha Kichina.) Nguru ni mkimbiaji. Ukiongeza mwendo ndio kwanza anapandwa na hasira. Basi nami nikamchukulia huyu besi kuwa ni nguru wa maji baridi: natupa mbali, nakunja mbiombio, natupa tena. Msimu mzima nikarudi na harufu ya maji tu.

Siku nilipoanza kupata ni siku niliyojiambia: huyu si nguru, huyu ni chewa.

Chewa unamjua. Anakaa mlangoni pa pango lake katulia tuli, kisha kinachopita karibu anakifungulia lile domo, maji yanavutwa ndani na kilichomo kinakwenda nayo. Besi ndiyo tabia yake. Ila pango lake ni kisiki kilichozama, nguzo ya gati, ukingo wa majani, kivuli cha boti iliyofungwa. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na huyu yuko mvunguni maisha yake yote. Ukishajua mvungu ulipo, chambo unakichagua kwa jambo moja: kinaweza kuingia humo na kutoka bila kunasa?

Vile visamaki vyako vya plastiki ngumu vina ndoana za miguu mitatu, mara nyingi mbili, yaani ncha sita wazi. Ukivitupa kwenye matawi umetoa sadaka. Ndiyo maana bila kujijua unavitupa kwenye maji matupu, na kwenye maji matupu hakuna mtu nyumbani.

La pili ni baridi. Mwezi huu maji ya kaskazini ya Texas yanaweza kushuka hadi nyuzi 9 au 10. Samaki mwili wake unafuata joto la maji. Tumbo linayeyusha taratibu, njaa inakuja taratibu, na chambo kikimpita kwa kasi anakiangalia tu kama mzee aonavyo bodaboda. Unatakiwa uende polepole mpaka uone aibu. Ukidhani sasa umekwenda polepole, punguza nusu.

Kwa hiyo rudisha 60 kwenye sanduku. Chukua mnyoo wa plastiki wa inchi 6 au 7 wa rangi ya majani makavu, jigi moja (ile ndoana yenye kichwa kizito na sketi ya nyuzi) nyeusi yenye buluu, na kimoja kati ya vile vidude vya hereni. Kaa navyo mpaka Machi.

DereWaDallas

Shikamoo mzee, samahani sana. Huo mnyoo nimewahi kuujaribu, nilichomeka ndoana katikati kama ninavyochomeka nyungunyungu. Ulizunguka hewani kama feni.

MzeeWaMshipi

Marahaba. Hapo umefanya maiti. Fuata hivi, kuna kitu wanaita kufunga kwa mtindo wa Texas, na uko hukohuko kwao.

Kwanza pitisha uzi ndani ya chubwi dogo lenye ncha. Chubwi la risasi, na kweli lina umbo la risasi; ncha itazame juu ulikotoka uzi. Gramu 5 hadi 7 zinatosha. Halafu funga ndoana ile yenye kipindo karibu na jicho, namba 3/0. Shika mnyoo, choma ncha ya ndoana katikati ya kichwa chake, iingie kama upana wa ukucha wa kidole kidogo, kisha itoe ubavuni. Vuta ndoana yote ipite pale hadi kichwa cha mnyoo kikae kwenye kile kipindo. Sasa igeuze, ncha itazame mwili wa mnyoo. Ulaze mnyoo juu ya ndoana bila kuuvuta, uone ncha inafika wapi, na hapohapo uchome utoboe upande wa pili. Mwisho rudisha ncha chini ya ngozi ya plastiki, kidogo tu, ijifiche.

Ushike kwa uzi uutazame. Umenyooka kama mstari? Vizuri. Umepinda? Toa, anza upya, la sivyo ni feni tena.

Ncha imefichwa, kwa hiyo unapita kwenye matawi kama mjusi. Tupa karibu na kisiki, acha uzame mpaka uzi ulegee. Usifanye kitu. Hesabu kumi. Inua fimbo taratibu shubiri mbili, shusha, kunja uzi uliolegea, ngoja tena. Mara nyingi anaula ukiwa unashuka, na hutasikia mshtuko wowote. Utaona uzi unatembea kando wenyewe, au utasikia "tik" moja kama mtu kadonoa meza. Hapo ndipo unavuta kwa nguvu, si kwa adabu.

MamaNdoana

Hodi. Niko Columbus, Ohio, navua kuliko mume wangu na yeye anajua.

Mzee kasema kweli kuhusu chewa, nimeipenda, nitaiiba. Ila kwenye rangi amepita haraka, na hapo ndipo madukani wanatumaliza. Dere, ukutani umeona rangi mia, siyo? Watafiti wa Chuo Kikuu cha Illinois waliwafundisha besi kuchagua rangi ili wapate chakula. Nyekundu na kijani waliziona vizuri. Lakini ile njano-kijani kali inayouzwa kama dawa ya kila kitu waliichanganya na nyeupe, na buluu iliyokolea waliichanganya na nyeusi. Sasa pima mwenyewe: jigi nyeusi, jigi ya buluu, na jigi nyeusi yenye buluu, umelipia tatu na samaki anaona moja.

Mimi rangi nazigawa kwa maji. Nikizamisha chambo nikakiona hadi futi nne au tano, natumia rangi tulivu zinazofanana na viumbe wa pale: kijani cha boga, kahawia, kijivu. Kikipotea kabla ya futi moja, natumia nyeusi kwa ajili ya kivuli chake, au nyeupe kwa ajili ya mng'ao. Katikati hapo naangalia mbingu na naamua ninavyojisikia.

Halafu kwenye chai yako ya maziwa samaki hategemei macho tu. Ana ule mstari ubavuni, siuzungumzii mweusi wa rangi, nasema ule wa vitundu unaosikia mtikisiko wa maji. Ndiyo kazi ya hereni zako. Ziangalie vizuri: kibati cha mviringo kinapiga maji kwa uzito, dug dug dug, utakisikia mpaka kwenye kiganja. Kibati chembamba kama jani la mwanzi kinazunguka mbiombio na kumetameta, hicho ni cha maji maangavu. Kwa ziwa lako chukua cha mviringo, kimoja kikubwa, na ukivute polepole kiasi cha kukiona kinakaribia kusimama.

Na kwa taarifa yenu, mnyoo wa plastiki ni wa huku kwetu. Nick Creme na mkewe waliuanzisha Akron, Ohio, 1949, wakiumimina nyumbani kwao. Baadaye kampuni ikahamia Tyler, Texas, kwa hiyo msituringie.

Chaurembo_

Samaki wamepelekwa shule Illinois, mimi nimeishia darasa la saba.

Karagita_Boy

Niaje wadau. Mimi niko Naivasha, Karagita, kazi yangu ni boti. Wengi hawajui kwamba huyo besi wenu yuko kwetu tangu 1929. Wakoloni walimleta kutoka Marekani kwa ajili ya mchezo wa fimbo. Ndani ya hili ziwa wakati huo kulikuwa na kasamaki kadogo ka kwetu ambako hakakuwa mahali pengine popote duniani. Mara ya mwisho kuonekana ilikuwa miaka ya mwanzo ya 60. Nani alimkula sitasema, lakini mdomo wake unaingia ngumi.

Halafu 1970 wakaleta kamba wa Louisiana, wale wekundu wa magamba na makucha. Kumbe wamemletea besi chakula cha kwao. Ukipasua besi mkubwa wa hapa, tumboni ni makucha matupu. Kuna mgeni mmoja nilimbeba, alikuja na sanduku kama la fundi stima, visamaki vya fedha vya kila saizi. Saa nne tumezunguka, hakuna kitu. Nikamwomba fimbo. Nikatafuta humo ndani kitu chochote cha kahawia chenye makucha, nikapata kamoja ka mpira chini kabisa, kamepinda kwa kukaa. Nikakafunga na jigi, nikakaburuta chini polepole kando ya mafunjo, kakienda kinyumenyume, kwa sababu kamba akiogopa anakimbia kinyumenyume. Wa kwanza alikuwa kilo na nusu hivi.

Kwa hiyo mzee anasema pango, mama anasema rangi, mimi nasema tumbo. Ukipata wa kwanza, mwangalie kooni. Mara nyingi kuna pembe ya kamba imechungulia, au mkia wa samaki mdogo. Pale ndipo duka lako liko.

Lakini nisiwadanganye. Besi wa Naivasha si wa zamani. Sababu zote siwezi kusema, nasema kitu naona: tangu samaki wageni wanaoitwa karpu waingie mwanzoni mwa miaka ya 2000, ndio wamejaa kwa nyavu. Karpu anachimba matope akitafuta chakula, maji yanakuwa uji, na besi anataka kuona. Halafu maji yalipanda sana 2020, mitaa kama Kihoto ikaingia maji, na migunga ya kando ya ziwa ikafia ndani. Leo ile migunga imesimama mikavu majini, ni kama msitu wa mifupa. Kwa wenye mashamba ni hasara. Kwa besi ni nyumba mpya.

MzeeWaMshipi

Umesema vyema kijana. Lake Fork kule mashariki ya Dallas liko hivyohivyo. Walipolijaza miaka ya 80 mwanzoni miti mingi waliiacha imesimama ndani, na hayo mabesi makubwa yakaota humo kama maboga.

Kadogo_wa_Kivu

Ndugu zangu, niko Louisville, Kentucky, asili yangu ni Bukavu. Kwetu Ziwa Kivu tunavua sambaza usiku, mitumbwi mitatu imefungwa pamoja, taa zinawaka, wavuvi wanaimba. Chambo ni taa. Hakuna mtu aliniuliza hata siku moja taa yangu ni rangi gani.

Huku nimeanza kuvua na watoto kwa sababu ni starehe ya bei ndogo, lakini naona nyinyi munaongea dola 14 ya panya. Mimi niko na dola 20 kwa yote. Nifanye nini? Na tena, kwa nini tusitie samaki mzima mdogo kwa ndoana, chambo hai, tumalize mambo?

MamaNdoana

Kadogo, dola 20 ni nyingi. Paketi ya minyoo ile minene isiyo na mkia, inayofanana na kalamu, ya kijani cha boga. Paketi ya ndoana. Basi. Hata chubwi usiweke. Mnyoo huo una chumvi ndani, ni mzito wenyewe, ukiutupa unashuka huku ncha mbili zikitetemeka. Wewe kazi yako ni kutofanya kitu, na kwa mtu mwenye watoto hiyo ndiyo kazi pekee inayowezekana. Watoto wasichoke, wapeleke kwenye vidimbwi vya bustani za mji, si ziwa kubwa.

Kuhusu chambo hai, inaruhusiwa sehemu nyingi kwa masharti, soma sheria ya jimbo lako. Na hujakosea kabisa. Rekodi ya Texas, paundi 18.18, ilivuliwa Januari 1992 hapohapo Lake Fork na Barry St. Clair. Hakuwa hata anatafuta besi. Alikuwa anavua samaki wadogo wanaitwa krapi, kwa kisamaki hai.

MzeeWaMshipi

Na ile ya dunia iko mikononi mwa watu wawili. George Perry, Georgia, tarehe 2 Juni 1932, paundi 22 na aunsi 4, yaani kilo kumi na kidogo. Wakati ule wa dhiki kuu ya uchumi alikwenda kutafuta kitoweo, si nishani. Samaki aliliwa nyumbani. Yeye na mwenzake inasemekana walikuwa na chambo kimoja, wanapokezana. Wa pili ni Manabu Kurita, Ziwa Biwa, Japani, 2 Julai 2009. Wake ulizidi kwa chini ya aunsi moja, na kanuni inataka uzidi kwa aunsi mbili, kwa hiyo wakaandikwa sawa. Kurita alitumia samaki hai.

Dere, umeona? Perry alikuwa na kimoja.

Chaurembo_

Perry alikuwa na kimoja kwa sababu hakuwa na kadi ya benki.

DereWaDallas

😂😂 Chaurembo nakutafuta. Wakuu nimeandika yote kwenye daftari la safari. Nikirudi kutoka Memphis nakwenda kujaribu. Mrejesho nitauleta hapahapa.

MamaNdoana

Kabla hujaenda: leseni unayo?

DereWaDallas

Ninayo mama. Askari wa wanyama na samaki alishanikuta mara ya pili tu nilipotoka, akaiangalia, akaangalia ndoo yangu tupu, akanitakia heri. Ile huruma machoni mwake sitaisahau.

DereWaDallas (wiki sita baadaye)

Mrejesho, wakuu. Kaeni vizuri.

Safari ya kwanza baada ya uzi huu: sifuri. Sikuandika kwa aibu. Nilikuwa nadhani nakwenda polepole, kumbe mikono imezoea usukani, ina haraka zake. Ya pili nikaacha simu kwenye gari, nikabeba boksi dogo la plastiki lenye vitu vitatu, vilevile alivyosema mzee. Hereni nyeupe yenye kibati cha mviringo nikaitupa nusu saa kando ya ukuta wa mawe. Dug dug dug nimeisikia kweli kiganjani. Kitu kimoja kiliigonga kikaondoka. Nilitetemeka magoti, mtu mzima.

Ya tatu ndiyo yenyewe, Jumapili iliyopita. Joto limeanza kurudi, maji nilipima kwa kipimajoto cha jikoni (mke hajui) yakawa nyuzi 15. Kuna gati bovu upande wa Rowlett, mbao nusu zimeng'oka, nguzo zimebaki. Nikaona hilo ni pango la chewa. Nikafunga mnyoo mtindo wa Texas, mara ya tatu ndio ukanyooka. Nikatupa pembeni ya nguzo ya mwisho, ukazama, uzi ukalegea. Nikahesabu kumi. Nikainua. Nikashusha. Nikahesabu tena. Nilipofika sita nikaona uzi unaondoka kwenda kulia, taratibu, kama mtu anayevuta shuka usingizini. Hakuna "tik," hakuna lolote.

Nikavuta bila adabu.

Aliruka mara mbili, mdomo wazi, anatikisa kichwa kama anakataa posa. Nilimshika mdomo wa chini kwa dole gumba kama nilivyoona jirani anafanya. Ule mdomo una vimeno vidogo kama msasa, dole gumba limechubuka mpaka leo na sitaki lipone. Inchi 17. Mzani wa mizigo ukasoma paundi 2 na nusu. Nikakumbuka Karagita_Boy, nikamchungulia kooni. Kulikuwa na vindevu viwili vyekundu vimejitokeza. Kamba!

Nikapiga picha moja, nikamrudisha. Ndiyo, nilimrudisha. Texas sheria ya kawaida ni kuanzia inchi 14, watano kwa siku, ningeweza kumbeba. Yule jike tumbo lilikuwa limejaa mayai, roho ikakataa.

MzeeWaMshipi

Maashallah. Siku ya kwanza ya mvuvi hiyo.

Sasa sikiliza. Nyuzi 15 hizo maana yake wanaingia kwenye maji mafupi kutaga. Dume anafagia duara chini kwa mkia, analinda mayai, na kila kitakachosogea anakishambulia hata bila njaa. Ni rahisi kuwavua wakati huo. Mimi siwagusi wakiwa juu ya kiota. Ukimwondoa dume dakika tano, vidagaa vya jirani vinamaliza mayai yote.

MamaNdoana

Mimi nawavua nikiwarudisha hapohapo, mzee. Tukubaliane kutokubaliana.

MzeeWaMshipi

Hatukubaliani.

Kadogo_wa_Kivu

Dere hongera! Na mimi mutoto wangu wa miaka nane alipata wake na ule munyoo wa kalamu, pale dimbwi la bustani. Mimi baba yake nilikuwa ninafungua fundo. Alilala na fimbo kitandani.

Karagita_Boy

Poa sana kaka. Nilikuambia kamba. Sasa ikifika Mei, Juni huko kwenu majani yatajaa juu ya maji, hapo utatoa wale vyura. Chura hana shida ya kunasa, ndoana zake mbili zimelala mgongoni, anapita juu ya majani bila kushika kitu. Huku kwetu anafaa kwa yungiyungi na kando ya magugumaji. Tumia uzi wa kusuka, mnene, paundi 50 kwenda juu, kwa sababu ukimpata unamtoa na shamba zima. Na besi akilipua maji usivute! Kila mtu anavuta. Ngoja usikie uzito kwanza. Mimi nimewaona watu wazima wakivua chura wao wenyewe usoni.

Huku nina tatizo moja tu la ziada, kwamba kabla ya kutupa chura kwenye mafunjo naangalia kama kuna kiboko. Yeye hajali rangi.

Kuuliza si ujinga: hao vyura unao wangapi?

DereWaDallas

Tisa. Weusi wanne, weupe wawili, wa kijani watatu.

Karagita_Boy

Na Desemba unapitia Nairobi ukienda Arusha?

DereWaDallas

Napitia. Weusi wawili na wa kijani mmoja nimeshawaweka kando, nimewafunga kwenye soksi. Wewe niandalie boti, na hapo kwenye migunga mikavu tutafika kabla jua halijatoka. Na panya namleta.

Chaurembo_

Panya abaki uwanja wa ndege, forodha watakuuliza ni chakula au ni mzigo.